Tunakwenda Mjini kwa Macho ya Nani?

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi vijana wenzangu mnaojifunza kushika kalamu, leo sikukusudia kuhakiki riwaya ya bingwa yeyote. Nataka nihakiki aina moja ya maandishi ambayo karibu sote tumewahi kuyaandika, iwe kwa kulazimishwa skuli au kwa mapenzi yetu wenyewe: habari ya matembezi ya sikukuu katika mji mkuu. Bila shaka mnaijua. Mtu anaamka alfajiri, anapanda chombo, anafika, anastaajabu, anakula vitamu, anapiga picha, halafu anarudi kwao amechoka lakini moyo umejaa furaha. Ukizisoma kumi umesoma moja. Majina ya barabara tu ndiyo yanayobadilika.

Nisije nikaambiwa nyani haoni kundule, nitaanza na ya kwangu.

Mimi ni mtu wa Wambaa, Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Mwaka 2024 sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, iliangukia Ijumaa, kwa hiyo tulipata siku tatu za mapumziko mfululizo. Ilikuwa inatimia miaka 60 tangu Mapinduzi ya 1964. Bibi yangu mzaa mama, ambaye mara ya mwisho kwenda Unguja alipelekwa hospitali na hakuona kitu ila dari, akasema safari hii na yeye anakwenda kutembea. Nalitilia mkazo neno hilo, kutembea, maana kwetu jambo hili si la kawaida. Mtu akisema anakwenda Unguja huulizwa: una mgonjwa? Una harusi? Umeitwa ofisini? Ukijibu kwamba unakwenda kutazama mji tu, watu watakuangalia mara mbili, sembuse ukiwa mwanamke wa umri wa Bibi.

Kuna atakayesema mji mkuu ni Dodoma. Kwa Jamhuri ya Muungano ni kweli, sibishi. Lakini Zanzibar nayo ina makao yake makuu, na kwa mtu wa Wambaa mji ulio juu ya miji yote ni Unguja Mjini. Huko ndiko iliko Serikali, ndiko ziliko ofisi kubwa, na ndiko kiliko Kiswahili kinachoitwa safi. Hilo la Kiswahili nitalirudia mbele.

Basi tulikwenda watatu: Bibi, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akisoma Form Two. Kaskazi ilikuwa imeshika. Vitabu vya skuli vinasema kiangazi, sisi twasema kaskazi. Ni ile miezi ya jua kali, Disemba mpaka Machi, ambayo mjini joto lake hujibana baina ya kuta za mawe na halitoki hata usiku. Tulilala Jang'ombe kwa mjomba, na Jumapili tukarudi. Wiki ile ile nikaandika kurasa nne nikazipa jina "Siku Tatu Mjini". Nikajiona nimefanya kazi. Kabla ya kumwonesha mtu mwingine nikamsomea Bibi barazani, maana Bibi anausoma Msahafu vizuri kuliko mimi, lakini herufi hizi za skuli hazijui. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Safari hino ulokwenda weye, ulikwenda na nani?"

"Na wewe, Bibi."

"Mie mbona simo?"

Kweli hakuwamo. Katika kurasa nne Bibi alitajwa mara moja tu, tena ametiwa ndani ya neno "watatu". Nilishikwa na haya, na tangu siku ile nikawa najiuliza: mtu niliyekwenda naye, aliyeshika mkono wangu tulipovuka barabara ya Darajani, ameangukia wapi? Uhakiki huu ndio jawabu langu.

Kosa la kwanza nililoliona ni kwamba niliutazama mji kwa macho ya mgeni kutoka ng'ambo ya bahari. Haya hapa ni maneno yangu mwenyewe: "vichochoro vyenye kusimulia historia", "milango ya nakshi yenye kuvutia", "harufu ya viungo iliyotanda hewani". Hebu someni tena. Harufu ya viungo! Mtu nimetoka Pemba, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu, ati nimekwenda Unguja kushangazwa na harufu ya viungo. Harufu iliyonipokea pale bandarini Malindi ilikuwa ya dizeli na samaki. Ya sokoni Darajani ilikuwa ya kuku hai na doriani. Hizo sikuziandika kwa sababu sikuwahi kuziona zimeandikwa.

Maneno yale yalitoka wapi basi? Yalitoka katika vipeperushi na katika vinywa vya watembezaji watalii. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na umeandikiwa maneno mengi mno ya kuwavutia wageni. Sisemi ni dhambi. Watu wanakula kwa maneno hayo. Lakini yametungwa kwa ajili ya mtu atakayekaa siku mbili kisha apande ndege. Hayakutungwa kwa mtu ambaye mjomba wake anaishi Jang'ombe.

Na sisi watu wa Wambaa ndio ambao tusingefaa kabisa kulifanya kosa hili. Ufukweni kwetu imo hoteli ya kitalii. Wageni wake huja kwa boti, na wengi wao kijiji chenyewe hawakipiti. Kwa maneno ya kitalii, kijiji kama chetu ni pahala pa wavuvi palipotulia, pasipo haraka wala zogo. Tukiyasikia maneno hayo sisi hucheka, maana huenda siku hiyo hiyo kuna watu wameshikana mashati kwa ajili ya mtumbwi. Tunajua kabisa kwamba utulivu huo uko katika macho ya anayetazama. Halafu na sisi tukapanda boti tukaenda kuwafanyia wenzetu wa mjini yale yale.

Siku hizi kipimo ninachokitumia ni chepesi. Kila sentensi naiuliza: angeweza kukuandika mtu ambaye hakufika? Kama angeweza, naifuta. Katika kurasa zangu nne zilibaki sentensi sita.

Kosa la pili ni macho ya mhubiri. Katika ukurasa wa tatu nilitia aya nzima juu ya "maovu ya mji": mabinti waliopotea, vijana waliolevywa na starehe, na mwisho nikamshukuru Mungu kwa kunirudisha salama kijijini. Jamani, mimi maovu hayo niliyaona wapi? Kule Jang'ombe tuligongewa mlango wa sala ya alfajiri siku zote, na watoto wa mjomba walikatazwa kutoka baada ya isha. Aya ile haikutoka katika safari. Ilitoka katika vitabu, tena vitabu vizuri, nilivyovisoma vibaya.

Tazama riwaya tulizolelewa nazo. Katika *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatoroka kwao na mji unamtafuna. Katika *Nyota ya Rehema* (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema anakimbia shamba, mjini anaangukia katika maisha ya aibu, na nusura yake ni kurudi shamba na Sulubu. Sisi vijana tukachukua kanuni: msichana akiongezwa mji, jumla yake ni maangamizi. Kanuni hii tumeitumia mpaka imepauka.

Lakini hebu tuwatendee haki waandishi hawa. Maimuna hakuharibiwa na taa za mjini. Aliharibiwa na nyumba ya baba yake, Maksuudi, nyumba iliyomfungia mpaka dunia yote ya nje ikawa ngeni kwake. Na Rehema alishaonewa kabla hajauona mji, kwa sababu ya rangi yake na kwa sababu ya mali. Katika riwaya zote mbili shina la ubaya liko nyumbani, mji ni pahala ambapo ubaya huo unakuja kudai malipo. Sisi tulichukua ganda tukaacha tunda. Tukawa tunaulaumu mji ili tusiulizwe kuhusu nyumbani.

Kuna na jambo jingine. Katika riwaya hizo hakuna anayekwenda mjini kutembea. Wote wanakwenda kwa kukimbia. Hata Yusufu wa Abdulrazak Gurnah, katika ile riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi* mwaka 2022, anaondoka kwao na Ami Aziz akidhani anakwenda kukaa kidogo tu kama mgeni, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ndiyo kusema fasihi yetu inamjua mkimbizi, inamjua kibarua, inamjua aliyewekwa rehani. Haimjui sana bibi mmoja kutoka Wambaa mwenye tikiti ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo pengo lilipo, na hapo ndipo sisi wadogo tungeweza kutia mkono.

Alionikaribia zaidi ni Adam Shafi. *Kuli* (1979) inaitazama bandari ya Unguja kwa macho ya Rashidi na wenzake wanaobeba mizigo, mpaka kwenye mgomo wa 1948. Baada ya kuisoma tena nilirudi kwenye kurasa zangu nikakuta nimeandika hivi kuhusu kufika kwetu Malindi: "tulisumbuliwa na wachukuzi." Basi! Neno moja, kusumbuliwa. Na hivi ndivyo ilivyokuwa hasa. Kijana mmoja alikishika kikapu cha Bibi, ndani yake mna embe, muhogo na dagaa wakavu. Bibi hakukiachia. Alimwuliza kwanza: "Weye mtoto wa wapi?" Akajibu wa Kengeja. Wakaulizana watu wa Kengeja mpaka wakapatana jina la marehemu mmoja. Kijana akakibeba kikapu mpaka kwenye daladala na kulipwa akalipwa embe mbili, akacheka. Tukio zima halikuzidi dakika kumi. Mwandishi mzima nilikuwa nimesimama pale pale, sikuliona, kwa kuwa akilini nilikuwa natafuta nyumba nyeupe za ufukweni zile za kwenye kadi.

Na *Vuta n'kuvute* (1999) ya mwandishi huyo huyo imenifunza jiografia. Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee Raza, na maisha yake yanageuka anapofika Ng'ambo kwa Mwajuma. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari ambao siku hizi umefukiwa, na jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililokuwapo. Maji yamekwisha, lakini mpaka bado upo kwenye maandishi. Ramani ya mtalii inakoma Darajani. Sisi watu wa Pemba tunafanya kinyume cha mtalii: tunalala Ng'ambo, tunapikiwa Ng'ambo, kisha tunavuka kwenda kuutazama Mji Mkongwe na kurudi. Katika "Siku Tatu Mjini" Ng'ambo haikuwamo hata jina. Nilikuwa nimemwandikia msomaji mji ambao sikulala.

Sasa mtu ataniuliza: je, tunayo mifano ya watu wetu waliokwenda mji mkuu wa watu kutazama tu, wakaeleza walichokiona? Tunayo, tena ya zamani. Mwaka 1875, katika miezi ya joto ya Ulaya, Sultani Barghash bin Said alikwenda London, akatembezwa, na habari za safari ile zikaandikwa kwa Kiarabu na katibu wake, Zahir bin Said. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili Berlin na akaacha habari zake za mji ule kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, na ndani yake mna Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia. Kweli, maandishi mengine katika haya yalichapishwa na Wajerumani kwa faida yao wenyewe, na inafaa tulikumbuke hilo tunapoyasoma. Lakini ona namna mambo yalivyopinduliwa: Mswahili ndiye mtazamaji, na mji mkuu wa Mzungu ndio unaotazamwa. Miaka mia na zaidi imepita, na sisi wajukuu zao tunashindwa kuutazama hata mji wetu wenyewe bila ya kuazima miwani.

Tumfikie sasa Bibi na alichokiona.

Jambo alilolingojea kuliko yote lilikuwa Beit el-Ajaib. Barghash aliijenga mwaka 1883, ikaja kuwa na umeme na lifti, mambo ambayo watu wa hapa walikuwa hawajayaona. Ndiyo maana ikaitwa nyumba ya maajabu. Iliponea mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Haikuponea uzee: tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa inaendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Tulipofika sisi ilikuwa imezungushiwa uzio. Mimi nikaandika kwamba "jengo hilo la kihistoria linasubiri kurejeshewa haiba yake." Bibi alisimama juani muda mrefu, akatazama mnara uliokosekana, akasema: "Basi hata hino?" Nilimwuliza maana yake nini. Akasema alidhani vitu vinavyoanguka kwa kukosa kuangaliwa ni vya kwetu shamba tu. Maneno yake yalikuwa haya haya, na yamebeba habari nyingi kuliko ukurasa wangu mzima. Ndani yake mna miaka yote ya mtu wa Pemba kuamini kwamba mjini hakuharibiki kitu.

Jambo la pili lilikuwa Michenzani. Yale majumba marefu ya maendeleo, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi wakati wa Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, hayamo sana katika kadi za watalii. Bibi aliyatazama kwa makini kuliko milango yote ya nakshi. Akauliza mwenye kuku anawaweka wapi. Akauliza na hili: "Alioko juu kabisa akifa, wamteremshaje?" Mdogo wangu akacheka. Mjomba hakucheka, kwa sababu alishapata kushika jeneza katika ngazi zile. Akaeleza vizuri: vijana wa kila ghorofa hutoka wakapokezana, na penye kona jeneza huinuliwa upande mmoja kwa uangalifu, na wanawake hubaki wamesimama milangoni. Nilisikiliza kama sinema. Usiku, pale Forodhani, Bibi aliuziwa kile wanachokiita pizza, akakifunua, akasema: "Kumbe chapati ya mayai!" Watu wa karibu wakacheka naye. Yote hayo yalikuwa mbele yangu na sikuyaandika hata moja, ila hilo la pizza, nalo nililiandika kana kwamba nimelisema mimi!

Hapo ndipo linapoingia kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa. Ni kosa la lugha.

Mdogo wangu, katika duka moja, aliuliza: "Tupite kuno?" Watoto wawili wa mjini wakarudia: "Kuno! Kuno!" huku wakigongana mabega. Si jambo kubwa, utani wa watoto. Lakini tangu pale hadi jioni yule msichana hakufungua mdomo mbele ya mtu. Alikuwa akinisukuma mimi niulize bei, niulize njia. Nami nilipoandika, maneno yake niliyageuza: "'Je, tupite huku?' aliuliza dada yangu kwa bashasha." Kwa bashasha! Watoto wale walimcheka mara moja. Mimi nilimfuta.

Tuseme ukweli wa historia. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kukisimamia Afrika Mashariki nzima. Uamuzi ule umetupa faida nyingi: leo mtu wa Wambaa anaandika na mtu wa Bukavu anasoma. Siutukani. Lakini maana yake ni kwamba Unguja Mjini ni mji mkuu mara mbili, wa Serikali na wa lugha. Kijana wa Pemba, au wa Tumbatu, au wa Makunduchi, akiandika juu ya mji ule huwa kama anapeleka daftari lake kwa mwalimu kusahihishwa. Kwa hiyo anajisahihisha kabla hajafika. Anafuta "hino" na "kuno", halafu kidogo kidogo anafuta na watu wanaosema hivyo. Mimi nilimfuta Bibi kwa sababu sikujua atasema nini kwa Kiswahili sanifu. Bibi hasemi Kiswahili sanifu.

Sisemi tuandike kila kitu kwa Kipemba. Uhakiki wenyewe huu nimeuandika kwa lugha ya skuli, na nimejitahidi. Nasema mtu apewe mdomo wake. Maelezo yawe sanifu ukipenda, lakini aliyesema "kuno" aandikwe "kuno", na msomaji wa mjini na yeye apate kazi kidogo. Sisi tumeifanya kazi hiyo kwa ajili yake miaka mingi.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo ni zito kwangu kulisema.

Baada ya kuniuliza kwa nini hayumo, Bibi aliongeza suali moja: "Na pale Nungwi mbona hukupataja?"

Chombo kutoka Mkoani kwenda Unguja hupita mkondo wa Nungwi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama maeneo yale ikitoka Unguja kuja Pemba, imesheheni watu kupita kiasi, wengi wao wakirudi makwao baada ya sikukuu. Mamia kwa mamia walikufa. Hakuna kijiji Pemba ambacho hakikuguswa, na nyumba yetu ni mojawapo. Asubuhi ile ya Ijumaa ya Mapinduzi, chombo kilipoingia mkondoni na kuanza kuyumba, Bibi aliinamisha kichwa akawa anasoma Fatiha, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu, ambaye hatumjui, akainamisha na yeye. Watu wengi katika safu zile walinyamaza kwa wakati mmoja bila ya kuambizana. Kisha chombo kikatoka mkondoni, na mazungumzo yakarudi, na watoto wakaanza tena kula biskuti.

Mimi nikaandika: "Mawimbi yalicheza kando ya boti huku bahari ya buluu ikimeremeta."

Nilipoulizwa nilijitetea. Nilimwambia Bibi kwamba hii ni habari ya matembezi, habari ya furaha, haifai kutiwa msiba. Akanijibu kwa upole tu: "Mie nlikwenda kutembea na nlisoma Fatiha. Siku ile ile moja." Sikuwa na la kujibu. Alikuwa amenifundisha fani na maudhui kwa sentensi mbili. Mtalii anayo haki ya bahari ya buluu, kwa sababu hana mtu wake chini yake. Mimi nikiiandika vile nasema uwongo, hata kama buluu ilikuwepo. Na wala sihitaji kuigeuza safari yote kuwa maombolezo, maana Bibi huyo huyo saa chache baadaye alikuwa Malindi anaulizana koo na mchukuzi, na usiku anacheka na chapati yake. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyokwenda matembezini. Furaha na fatiha zimo katika kikapu kimoja, na mwandishi anayekitoa kimoja akaacha kingine hajakibeba kikapu.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, ombi langu ni dogo. Mara nyingine ukienda mji mkuu, uwe Unguja, Dodoma, Nairobi au hata London, usianze kuandika kwa kuuliza mji una nini. Anza kwa aliyekaa nawe kitini. Alibeba nini? Aliogopa wapi? Aliuliza suali gani ambalo mwenye kukutembezeni hakulitegemea? Alichekwa kwa neno gani? Milango ya nakshi itakuwepo tu, imeshaandikwa na itaandikwa tena.

Kurasa zangu nne nimezichana. Naandika upya, na safari hii namsomea Bibi kila nikimaliza ukurasa. Ameshanirudisha mara mbili. Anayeona nimekosea na aniandikie humu humu, nitamjibu. Jarida hili ni letu sote.